UZI MAALUMU: Ndege wavumaji na wenzao wanaokuja kula nyuma ya nyumba. Tulioko Marekani na Kanada tukutane hapa, na walioko nyumbani mtupe habari za chozi, yule ndege wetu anayefuata utamu wa maua

MamaMaua (Columbus, Ohio)

Wakuu, habari za majukumu.

Kila mwaka baridi ikipungua yanaanza maswali yaleyale: ninunue chupa ipi ya kuwalishia, niweke sukari kiasi gani, mbona ndege hawaji. Majibu yametawanyika kwenye nyuzi kumi tofauti, na mengine yanaua ndege kabisa. Naomba tuyakusanye hapa. Naanza na ndege mvumaji, maana ndiye anayeumia zaidi tukikosea. Baadaye tutafika kwa kadinali (yule ndege mwekundu mwenye kishungi), vigogota na wala mbegu wengine.

Kwa ambao hawajawahi kumwona: mvumaji anapatikana bara la Amerika tu, kuanzia Alaska hadi ncha ya kusini kabisa. Aina zake zinapita 300, lakini huku mashariki mwa Marekani anayezaliana ni mmoja, yule mwenye koo jekundu. Uzito wake ni kama gramu 3. Mabawa yanapiga mara 50 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mara nyingi masikio yanamjua kabla ya macho. Anasimama hewani, anarudi kinyumenyume, anapanda wima. Na lile koo la dume halina rangi nyekundu ndani ya manyoya yenyewe. Ni namna manyoya yalivyojengeka na kuurudisha mwanga, ndiyo maana akigeuza shingo kidogo tu koo linakuwa jeusi, akirudi linawaka tena.

Huyu kiumbe wa gramu 3 anakaa majira ya baridi Meksiko na Amerika ya Kati. Kabla ya safari anakula mpaka uzito unakaribia kuwa mara mbili, na wengi wao wanaivuka Ghuba ya Meksiko kwa mkupuo mmoja, kilomita zipatazo 800 za maji matupu bila pa kutua. Hapa Ohio madume ya kwanza yanaonekana kuanzia katikati ya Aprili. Kwa hiyo chupa inatakiwa iwe imeshatundikwa kabla ya hapo, kwa sababu anayefika mapema anakuta maua bado machache.

Sasa maji ya sukari. Kikombe kimoja cha sukari nyeupe ya kawaida kwa vikombe vinne vya maji. Koroga iyeyuke, basi. Kipimo hicho kinakaribiana na utamu wa maua anayoyapenda. Ukitumia maji ya moto, acha yapoe kwanza. Kinachobaki weka kwenye friji.

Usiweke asali, maji ya asali yanachacha haraka na kuotesha kuvu. Usiweke sukari ya kahawia wala sukari guru, zina madini ya chuma kuliko anayoweza kuyahimili. Sukari za bandia za wagonjwa wa kisukari hazimpi nguvu yoyote, atakunywa huku anakufa njaa. Na rangi nyekundu haina kazi. Wekundu wa chupa yenyewe unatosha kumwita. Dukani wanauza vifurushi vya unga mwekundu kwa bei ya juu; achaneni navyo, sukari ya chai ndiyo bora.

Na hili naliandika kwa msisitizo: kama huna muda wa kuosha, usitundike. Siku za joto kali maji yabadilishwe kila baada ya siku mbili, hata kama hayajanywewa. Hali ya hewa ikiwa ya wastani, siku tatu hadi nne. Ukiona maji yamekuwa na ukungu au kuna weusi kwenye vitundu, umeshachelewa. Osha kwa maji ya moto na brashi ndefu, siki nyeupe inasaidia, kisha suuza sana. Chupa chafu inampa ugonjwa, na yeye hana namna ya kujua kwamba maji hayo si mazuri.

Karibuni.

Msafiri_wa_Ghuba (Houston, Texas)

Dada MamaMaua, ubarikiwe. Uzi huu ulihitajika.

Naongezea ya huku kusini. Sisi tunawaona kwa wingi zaidi Septemba, wakiwa wanarudi. Wanajikusanya pwani ya Texas kujaza mafuta kabla ya kuvuka au kuizunguka Ghuba, na mji wa Rockport una tamasha lake la wavumaji kila Septemba. Watu wanatoka mbali kuja kuangalia tu chupa zilizotundikwa barazani kwa wenyeji.

Jambo la pili: huku usitoe chupa kabisa majira ya baridi. Kuna mvumaji mwingine, wa rangi ya kutu, anayezaliana kaskazini magharibi mpaka Alaska. Wachache wao hawaendi Meksiko, wanakuja kukaa baridi pwani yetu na Louisiana. Ukiwa na chupa safi mwezi wa Desemba unaweza kumpata.

Swali langu: nina dume moja linalokaa juu ya waya na kumfukuza kila anayekuja. Maji yamejaa, wenzake wanalala njaa. Dawa yake nini?

MamaMaua

Mkuu, huyo yuko kazini. Porini analinda kichaka cha maua, kwako analinda chupa. Usijaribu kumwadhibu. Tundika chupa ya pili mahali ambapo akikaa kwenye ule waya haioni, kwa mfano upande wa pili wa nyumba. Hawezi kulinda pande mbili. Wingi wakati wa kuhama unasaidia pia, wakija wengi kwa pamoja anachoka na kuachia.

Mama_Junior (Minneapolis, Minnesota)

Shukrani kwa elimu. Mimi niko ghorofa ya tatu, nyumba ya kupanga, sina bustani. Mwenye nyumba amekataza mbegu kwa sababu zinadondoka kwa jirani wa chini na kuleta panya. Je, sisi wa ghorofani tuna nafasi?

MamaMaua

Unayo, mdogo wangu. Maji ya sukari hayadondoshi maganda, kwa hiyo anza na mvumaji. Kuna vilishio vidogo vya kunata kwenye kioo. Weka na chungu kimoja au viwili vya maua mekundu yenye shingo ndefu. Salvia inakubali chunguni. Wakikuruhusu mbegu siku za usoni, nunua alizeti iliyokwisha kumenywa, haiachi takataka.

Ila kioo chenyewe ni hatari kuliko unavyodhani. Ndege anaona anga na miti ndani ya kioo, anaruka kuelekea huko. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba vioo vya majengo vinaua ndege kati ya milioni 365 na milioni 988 kwa mwaka Marekani peke yake, na sehemu kubwa ni nyumba za kawaida na majengo mafupi, si yale maghorofa marefu tunayoyalaumu. Kwa hiyo kilishio kiwe kimegusa kioo au kisizidi mita moja kutoka kwenye kioo, ili ndege akishtuka asiwe na nafasi ya kushika kasi. La sivyo kiweke mbali, mita 10 au zaidi. Hapo katikati ndipo wanapovunjika shingo. Na bandika alama kwa nje ya kioo, nukta au mistari, zisipishane zaidi ya sentimita 5. Picha moja ya mwewe uliyobandika katikati haisaidii kitu.

KakaFundi (Dar es Salaam)

Naomba niulize bila kumkwaza mtu. Ndege wa porini ameishi miaka yote bila chupa ya mtu. Huku watu wanakosa sukari ya uji, huko mnawapa ndege. Faida yake hasa ni nini? Na je, hamuwafanyi wavivu, wakasahau kuhama wakafa na baridi?

MamaMaua

KakaFundi, swali lako ni la haki na nalijibu kwa heshima.

Kuhusu kuhama, hilo wengi wanaliamini lakini si kweli. Kinachomwondoa ni urefu wa mchana unavyopungua. Mwili wake unaanza kujiandaa hata chupa ikiwa imejaa. Madume yanaondoka kuanzia Agosti, joto likiwa kali na maua yamejaa kila mahali.

Kuhusu uvivu, chupa ni nyongeza. Mvumaji hategemei sukari peke yake, anakamata mbu wadogo, visubi na buibui siku nzima, na watoto wake analea kwa wadudu. Jike anajenga peke yake, kiota cha ukubwa wa nusu ya limau dogo, anakifunga kwa utando wa buibui ili kitanuke watoto wanapokua. Anataga mayai mawili yenye ukubwa wa harage. Dume halisaidii chochote. Sasa jike huyo kama bustani imepuliziwa dawa ya wadudu kila wiki, sukari yangu haitamlelea watoto.

Ndiyo maana sikubali mtu aniambie kwamba kwa kutundika chupa ameokoa ndege. Mwaka 2019 wanasayansi walitangaza kwamba Marekani na Kanada zimepoteza karibu ndege bilioni 3 tangu 1970. Hiyo hairudishwi na alizeti. Inarudishwa na mimea ya asili, na kuacha dawa, na paka kukaa ndani. Utafiti uliofanywa kwenye bustani za Washington, D.C. na kuchapishwa 2018 ulionyesha kwamba chikadii, wale ndege wadogo wa kofia nyeusi, hawamudu kulea vifaranga vya kutosha mahali ambapo mimea ya asili iko chini ya asilimia 70. Viwavi wanaowalisha watoto hawali miti ya mapambo iliyoletwa kutoka nje.

Lakini faida nyingine iko kwetu. Mtu anayetazama kilishio kila asubuhi anaona mambo ambayo mtafiti mmoja hawezi kuyaona. Mapema mwaka 1994, watu wa kawaida wa maeneo ya Washington, D.C. ndio waliotoa taarifa za chiriku wekundu wenye macho yaliyovimba na kufumba. Ulikuwa ugonjwa wa bakteria uliojulikana kwa kuku na bata mzinga. Chuo Kikuu cha Cornell kikaomba watu waendelee kuandika wanachokiona majumbani, na kwa daftari hizo wakaweza kufuatilia ugonjwa ulivyosambaa mashariki yote. Ndege wale walikuwa na asili ya magharibi. Waliachiwa New York karibu na mwaka 1940 na wafanyabiashara waliokuwa wakiwauza kinyume cha sheria. Wote wa mashariki wametokana na wachache hao.

KakaFundi

Nimekuelewa, dada. Hilo la daftari sikulijua. Naendelea kusoma.

Ziwa_Kivu (Tucson, Arizona)

Jambo ndugu zangu wote. Mimi ni Mkongomani, niko Arizona. Huku kusini tuna bahati kubwa, aina za wavumaji ni nyingi kupita karibu jimbo lolote, kwa sababu milima yetu inapakana na Meksiko.

Nataka kuwaambia jambo la huku. Mwezi wa Agosti na Septemba unaweza kujaza chupa jioni, asubuhi ukakuta ni kavu kabisa na nje kumemwagika. Wapangaji wapya wanasema ni mwizi au mnyama. Ni popo. Kuna popo wenye ulimi mrefu wanaotoka Meksiko kufuata maua ya usiku ya zile kaktasi kubwa na ya mimea ya jamii ya mkonge. Maua yakipungua wanakuja kwenye chupa zetu. Hawatui, wanapita kasi, wanachovya ulimi, wanazunguka, wanarudi, wengine kwa makumi.

Aina moja ya popo hao ilikuwa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, ikatolewa mwaka 2018 baada ya idadi yake kupanda. Majirani zangu wengine wanazitoa chupa usiku. Mimi naziacha. Nakaa barazani na watoto taa imezimwa, tunasikia upepo wa mabawa karibu na uso. Aksanti sana kwa uzi huu.

BintiPwani (Mombasa)

Subhanallah, popo kwenye chupa ya sukari! Ziwa_Kivu, umenitamanisha.

Huku kwetu nimejaribu kuwawekea ndege chakula uani lakini wote wanafukuzwa na kunguru. Nifanyeje?

Mzee_wa_Uluguru (Morogoro)

Wanangu, hamjambo.

Binti, kunguru hao wa shingo ya kijivu si wa kwetu. Waliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890, wakaenea pwani yote. Wanakula mayai na makinda ya ndege wengine. Ukiweka ugali, wali, mabaki ya samaki uani, umewaandalia karamu wao. Usiweke chakula kilichopikwa kabisa. Weka maji. Beseni pana, kina cha vidole viwili, na jiwe katikati la kukanyaga, yabadilishwe kila asubuhi mbu wasizaliane. Na panda maua.

Sasa nieleze habari za chozi, maana dada wa Ohio ameziomba. Wengi wakimwona chozi wanasema tuna wavumaji Afrika. Hatuna. Wanafanana kazi, hawafanani nasaba. Mvumaji ni wa ukoo unaokaribiana na teleka, yule anayeruka kutwa nzima. Chozi ni ndege mwimbaji, yuko karibu zaidi na shomoro. Kila mmoja ameufikia mdomo mrefu uliopinda na manyoya ya kumetameta kwa njia yake, kwa sababu wote wanafuata utamu ndani ya ua. Tofauti utaiona ukitulia dakika chache: chozi anapenda kukaa kwenye kitawi ndipo anywe. Kusimama hewani anaweza, kwa muda mfupi tu.

Mpandie mshubiri, ule wa maua mekundu au ya machungwa. Hibiskusi nayo anaiendea, na mara nyingi hapiti mlangoni, anatoboa shina la ua kwa nje anaiba utamu. Na aliye na migomba asitafute mbali. Asubuhi mkungu ukiwa unachanua, machozi wanakuwa pale pale. Kiota chake kinaning'inia kama mfuko mdogo wenye mlango ubavuni, nacho kimefungwa kwa utando wa buibui, sawasawa na dada alivyosema juu ya mvumaji.

Hapa juu kwenye msitu wa Uluguru tuna chozi asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Udzungwa nao wanaye wao, aliyejulikana kwa wanasayansi miaka ya 1980 tu. Yule wa Amani yuko Usambara ya Mashariki na misitu michache, mpaka Arabuko-Sokoke kwenu Pwani ya Kenya. Hao hawaji uani kwa mtu, msitu ukikatwa hawana pa kwenda.

MamaMaua

Mzee, shikamoo. Nimesoma bandiko lako mara mbili. Na kuna jambo linalonigusa zaidi kuhusu hiyo nasaba: mabaki ya kale ya mvumaji mwenye mdomo mrefu kama wa leo yalipatikana Ujerumani, yana umri wa zaidi ya miaka milioni 30. Kwa hiyo zamani waliishi upande wetu wa dunia, wakatoweka huko, wakabaki Amerika tu.

Mzee_wa_Uluguru

Marahaba, mwanangu. Hilo la Ujerumani ni jipya kwangu. Asante.

Otieno_Shamba (Nairobi)

Wa Nairobi anayetaka kuanza, Nature Kenya, chama cha wapenda viumbe na mazingira ya asili, wana matembezi ya kutazama ndege Jumatano asubuhi, mnakutana pale makumbusho. Nenda na darubini kama unayo, kama huna nenda tu, watu watakuazima.

Nyota_ya_Mvua (Seattle, Washington)

Salaam kwa wote. Sisi wa pwani ya magharibi tuna mvumaji asiyehama, wa Anna. Mwanzoni mwa karne iliyopita alizaliana kusini mwa California na Baja California tu. Watu wakapanda bustani zenye maua mwaka mzima, mikalitusi ikaletwa, vilishio vikaongezeka, naye akapanda kaskazini kidogo kidogo mpaka Kanada. Vancouver walimchagua kuwa ndege rasmi wa jiji mwaka 2017.

Maana yake ni kwamba Januari, theluji ikianguka, yupo. Tatizo ni maji kuganda. Watu wanaongeza sukari ili yasigande. Msifanye hivyo, baki na moja kwa nne. Ingiza chupa ndani usiku, itoe kabla hakujapambazuka, na siku ya baridi kali uwe na mbili za kupokezana. Wengine wanafunga taa ndogo ya joto chini ya chupa.

Kwa nini kabla ya mapambazuko? Kwa sababu usiku wa baridi anajizima karibu kabisa. Mchana moyo wake unaweza kupiga zaidi ya mara 1,000 kwa dakika; akiwa katika hali hiyo unashuka hadi 50 hivi au chini, na joto la mwili linaporomoka. Unaweza kumkuta ameganda kwenye kitawi, hata ananing'inia kichwa chini, ukadhani amekufa. Mwache. Akiamka anatumia akiba yake ya mwisho kujipasha moto, na mlo wa kwanza ndio unaomwokoa.

Msafiri_wa_Ghuba

Dada, chungu nzima wa sisimizi wamo ndani ya chupa yangu, na nyuki na nyigu nao hawabanduki. Jirani ameniambia nipake mafuta ya kupikia kwenye waya.

MamaMaua

Usipake mafuta, tafadhali. Yakigusa manyoya yake hawezi kuyasafisha. Kwa sisimizi, tundika kikombe kidogo cha maji juu ya chupa, waya upite katikati yake. Wanauza vilivyo tayari, na kofia ya chupa ya plastiki iliyotobolewa na kuzibwa vizuri inafanya kazi ileile. Kwa nyuki na nyigu, badilisha aina: tumia kile kilichokaa kama sahani chenye matundu juu. Maji yanakuwa chini, ulimi wa mvumaji unayafikia, wa nyuki haufiki. Kama chupa yako ina maua ya njano ya mapambo, yang'oe, njano inawaita nyigu. Na iwe haivuji.

Na mwangalie vunjajungu. Huyo mdudu akijificha juu ya kilishio anamkamata mvumaji na kumla. Ukimwona, mhamishie kwenye kichaka cha mbali, usimuue.

Mama_Junior

Nimefurahi kuwapa taarifa: mwenye nyumba amekubali alizeti iliyomenywa! Wamekuja chikadii, na kadinali dume na jike lake. Sasa jana kaja ndege mdogo mwenye michirizi, amejikunyata, manyoya yamefura, hakimbii hata nikisogea. Anaumwa?

MamaMaua

Hongera kwa ruhusa. Ndiyo, huyo anaumwa. Ndege mzima hakai hivyo. Anaweza kuwa chiriku wa misonobari. Mwishoni mwa 2020 hadi 2021 walishuka kusini kwa wingi sana na kufa kwa bakteria wa salmonela kwenye vilishio vya majimbo mengi, kwa sababu wanakula wakiwa wamesongamana na kinyesi kinaingia kwenye mbegu.

Ondoa kilishio leo hii. Kiache ndani wiki mbili ili ndege watawanyike. Osha kwa sabuni, kisha loweka kwenye maji yenye dawa ya klorini, kipimo kimoja kwa maji vipimo tisa, dakika kumi, suuza, kausha juani. Zoa mbegu zilizoanguka chini. Vaa glavu, na nawa mikono vizuri, maana salmonela inaingia kwa mtu pia. Kuanzia hapo osha kila baada ya wiki mbili hata kama wote wazima. Na ndugu mnaofuga kuku uani, kwa sababu ya homa ya mafua ya ndege msiweke vilishio kabisa karibu na banda.

Ziwa_Kivu

Dada, ni mbegu gani unashauri kwa anayeanza? Dukani kuna mifuko ya mchanganyiko bei chini.

MamaMaua

Alizeti nyeusi ndogo, ile ya mafuta. Ganda lake ni jembamba, karibu kila mla mbegu anaipenda. Ile mifuko ya bei chini imejazwa mtama mwekundu, ndege wanauchambua na kuutupa chini, panya wanafurahi. Kwa kigogota, tundika kipande cha shahamu ya ng'ombe siku za baridi. Joto likianza kiondoe, kinayeyuka na kuoza.

Kwa wale chiriku wa njano kuna mbegu nyembamba nyeusi zinaitwa Nyjer. Watu wanadhani ni za Marekani. Mmea huo asili yake ni Ethiopia, wenyewe wanauita nug na kukamua mafuta ya kupikia. Kabla ya kuuzwa huku lazima zipikwe kwa joto ili magugu yaliyochanganyika nazo yasiote.

Kindi watakuja, hilo hakuna wa kulikwepa. Nguzo iwe mbali na mti mita tatu hivi, na chini ya kilishio funga bomba pana au kofia ya bati asiweze kupanda. Pilipili kavu iliyochanganywa na mbegu inamkera kindi, ndege haisikii ukali wake.

Msafiri_wa_Ghuba

Binti yangu anakusanya manyoya yanayoanguka, anayapanga kwenye daftari. Mwalimu wake kamwambia ni kosa kisheria. Kweli?

Nyota_ya_Mvua

Kweli. Sheria ya Marekani ya mwaka 1918 ya kulinda ndege wanaohama inakataza kumiliki ndege wa asili, kiota, mayai, hata unyoya mmoja ulioukuta chini. Ilitungwa wakati ndege walikuwa wanauawa kwa mamilioni kwa ajili ya nyama na kofia za akina mama. Mwambie apige picha au auchore, kisha auache. Shomoro wa nyumbani na kwenzi wa Ulaya hawamo kwenye ulinzi huo, wote wawili waliletwa. Kwenzi waliachiwa Central Park, New York, mwaka 1890, kama 60, na sasa wamejaa bara zima.

Mama_Junior

Nauinua uzi. Ni mwisho wa Septemba, sijamwona mvumaji wiki nzima. Nitoe chupa?

MamaMaua

Usitoe bado. Huko kwenu Minnesota wenyeji wako wameondoka, lakini wanaotoka Kanada wanaweza kuwa bado njiani, na vijana wa mwaka huu ndio wa mwisho kupita, safari yao ya kwanza na hawana wa kuwaongoza. Acha maji safi mpaka zipite wiki mbili tangu umwone wa mwisho. Weka nusu ya chupa tu usipoteze sukari.

Na weka kumbukumbu ya tarehe. Kuna jike mwenye pete ya watafiti mguuni alikamatwa tena West Virginia mwaka 2014 akiwa na umri usiopungua miaka tisa, na wengi wanarudi bustani ileile, kwa hiyo huenda ni yuleyule atakayekuja Mei. Ukishaosha na kuiweka kabatini, jiandikishe kwenye hesabu ya vilishio ya Cornell na Birds Canada, inaanza Novemba hadi Aprili. Ina ada kidogo. Unachagua siku mbili zinazofuatana, unaandika aina na idadi kubwa uliyoiona kwa mara moja, unatuma. Hata kilishio kimoja cha dirishani kinakubalika, na hata siku ambayo hajaja ndege unaandika hivyo hivyo.

Mama_Junior

Sawa dada. Chikadii mmoja nahesabu mara ngapi akirudi mara nyingi?

MamaMaua

Mara moja. Andika idadi kubwa zaidi uliyoiona kwa pamoja, usijumlishe. Ukiona watatu saa mbili asubuhi na wanne jioni, andika wanne.